Dola 100 zikiingia dukani: kisa cha Austin na maduka mawili ya wenyeji

Mwaka 2002 jiji la Austin, jimboni Texas, liliingia kwenye mjadala ambao wafanyabiashara wadogo wa sehemu nyingi duniani wanaufahamu. Kampuni kubwa ilikuwa inakuja. Borders, iliyokuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa vitabu na muziki nchini Marekani, ilipanga kufungua duka kwenye makutano ya barabara za Sixth na Lamar. Hapohapo kulikuwa na BookPeople, duka la vitabu lililoanza mwaka 1970 kwa jina la Grok Books, na ng'ambo ya barabara kulikuwa na Waterloo Records, duka la muziki lililofunguliwa mwaka 1982. Borders iliuza vitabu na muziki chini ya paa moja, kwa hiyo mshindani mmoja alikuwa anawafuata wote wawili mlangoni.

Wenye maduka hayo, Steve Bercu wa BookPeople na John Kunz wa Waterloo, hawakulalamikia ushindani peke yake. Mradi wa majengo ambao ungeipa Borders nafasi ulikuwa umepangiwa msaada wa fedha za jiji. Maana yake ni kwamba kodi iliyokusanywa kwao na kwa wateja wao ingetumika kumleta mtu wa kuwatoa sokoni.

Biashara za wenyeji mara nyingi hutetewa kwa hisia: muuzaji anatujua kwa majina, duka lina historia, watoto wetu wamekulia pale. Hisia hizo ni za kweli nami nazithamini, lakini mbele ya baraza la jiji lenye bajeti ya kupanga hazifiki mbali. Upande wa pili huja na idadi ya ajira na makadirio ya kodi, halafu husema kwa ufupi: mgeni njoo, mwenyeji apone. Bercu na Kunz walikuwa na wateja wenye hisia nyingi tu, hata vibandiko vya magari vyenye kaulimbiu ya Keep Austin Weird (yaani, Austin ibaki na upekee wake) walivichapisha vikaenea mji mzima. Lakini waliona haitoshi, wakatafuta hesabu.

Hesabu yenyewe

Shirika la kiraia la Liveable City lilishirikiana nao, na kazi ikapewa kampuni ya uchambuzi wa uchumi iitwayo Civic Economics. Wenye maduka walifungua vitabu vyao vya hesabu. Borders ilikuwa kampuni ya hisa na sheria ilikuwa inailazimu kutoa taarifa zake za fedha hadharani. Swali lililoulizwa lilikuwa jepesi kulitamka: mteja akitumia dola 100, uchumi wa Austin unanufaika kwa kiasi gani?

Kwa Borders jibu lilikuwa dola 13. Kwa maduka ya wenyeji lilikuwa dola 45. Tofauti ya dola 32, na zaidi ya mara tatu.

Takwimu hizi zimesambaa sana tangu hapo, na mara nyingi husemwa vibaya. Utasikia mtu akisema kwamba dola 45 kati ya 100 "hubaki mjini". Sivyo hasa. Hiyo 45 ni jumla ya manufaa kwa uchumi wa mji: fedha inayolipwa moja kwa moja kwa watu na biashara za hapo, ukijumlisha na ile inayoendelea kuzunguka baada ya malipo hayo ya kwanza. Mfanyakazi wa duka analipwa, analipa kodi ya nyumba, anampelekea gari fundi wa mtaani, fundi naye ana watoto wa kuwanunulia viatu. Katika kila hatua sehemu fulani huondoka mjini na sehemu fulani hubaki. Tuseme malipo ya kwanza kwa wenyeji ni dola 20. Ikiwa katika kila mzunguko nusu inatumika palepale, utapata 20, kisha 10, kisha 5, hadi jumla ikaribie 40. Ikibaki theluthi tu, jumla haivuki 30. Duka ni lilelile na mteja ni yuleyule, ila dola 10 zimepotea kwa sababu ya tabia ya matumizi ya watu wa mji baada ya duka kufanya sehemu yake. Ndiyo maana anayezungumzia duka moja moja hulazimika hatimaye kuzungumzia mtaa mzima.

Utafiti ule ulikuwa na hitimisho jingine ambalo kwangu ndilo lenye uzito zaidi kwa mnunuzi wa kawaida. Ulikadiria kwamba kila kaya ya wilaya ya Travis, ambamo Austin imo, ikihamisha dola 100 tu za manunuzi ya sikukuu kutoka maduka ya kampuni kubwa kwenda kwa wenyeji, uchumi wa hapo ungenufaika kwa karibu dola milioni 10. Hesabu hiyo unaweza kuihakiki mwenyewe. Sensa ya mwaka 2000 ilikuta kaya zipatazo 320,000 katika wilaya hiyo. Zidisha kwa ile tofauti ya dola 32, utafika milioni 10 na ushee. Hakuna aliyeombwa kutumia senti ya ziada. Fedha ileile ambayo watu walikuwa wameshaamua kuitumia ilihitaji tu kupita mlango mwingine. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba chenyewe kimepimwa.

Dola 32 zimejificha wapi

Tuanze na jambo ambalo watetezi wa maduka ya wenyeji huliruka. Hata BookPeople haiwezi kuzuia fedha nyingi zisiondoke. Kwa kawaida zaidi ya nusu ya bei ya kitabu huenda kwa mchapishaji na msambazaji, na wachapishaji wakubwa wa Marekani wana makao yao New York. Kitabu kikiuzwa na duka la mwenyeji au na Borders, fungu hilo huondoka vilevile. Tofauti yote ya dola 32 inatoka kwenye sehemu ndogo inayobaki baada ya bidhaa kulipiwa, pamoja na mizunguko inayofuata.

Ingia kwenye duka lolote la vitabu uangalie unachokiona. Kuna mtu kwenye kaunta, kuna anayepanga rafu, labda kuna mlinzi. Watu hao utawakuta kote kuwili, na mishahara yao inaweza kuwa inakaribiana. Mteja akiishia hapo, ataamini kwamba duka la kampuni kubwa linaajiri sawa na la mwenyeji, pengine zaidi kwa kuwa jengo ni kubwa. Tofauti iko kwa watu ambao mteja hawaoni.

Kitabu kilichoko rafuni kilichaguliwa na mtu. Katika duka la mwenyeji mnunuzi wa bidhaa anakaa chumba cha nyuma, anajua ni vitabu vipi vilirudishwa mwaka jana bila kuuzwa, anajua mwalimu fulani wa chuo kikuu atawatuma wanafunzi wake arobaini wiki ijayo, na anaagiza kwa kufuata hayo. Mshahara wake, ambao ni mkubwa kuliko wa kaunta, unatumika mjini. Kwa Borders uamuzi mkuu wa nini kiagizwe ulifanyika makao makuu, Ann Arbor, jimboni Michigan. Mhasibu alikuwa huko. Waliobuni matangazo na kusimamia mitambo ya kompyuta walikuwa huko. Mikataba ya bima na huduma za benki ilifungwa kwa jumla na makao makuu, mbali na Austin. Duka la mwenyeji linahitaji kazi zote hizo pia, na kwa kuwa ni dogo hulazimika kuzinunua jirani: mhasibu wa mjini, mchapaji wa mabango wa mjini, fundi wa rafu, mwanasheria wa kupitia mkataba wa pango.

Naona hili ndilo jambo zito kuliko yote katika kisa hiki. Kazi za makao makuu ndizo zenye mshahara wa kumtosha mtu kulea familia na kumbakisha kijana msomi mjini kwao. Mji unapojaza matawi tu, unabaki na kaunta na bohari, na vijana wake wenye ujuzi wanaondoka kwenda kule makao makuu yaliko. Dola 32 zile, ukizifuata hadi mwisho, kwa sehemu kubwa ni mishahara ya watu hao wasioonekana.

Kisha kuna faida. Bercu na Kunz walikuwa wakazi wa mji uleule ambamo duka liko, na walichopata mwisho wa mwaka kiliingia katika maisha ya hapo. Faida ya Borders ilikuwa mali ya wanahisa waliotawanyika nchi nzima. Wachache wao huenda waliishi Austin, lakini hao hawabadilishi hesabu.

Na kuna bidhaa zenyewe. Austin ni mji wa wanamuziki, na Waterloo ilijijengea jina kwa kuuza kazi za bendi za hapo na kuziruhusu kupiga muziki ndani ya duka bila kiingilio. Msanii anayeanza hana msambazaji wa kitaifa. Anakuja na sanduku la santuri au diski zake, anazungumza na mtu mwenye mamlaka ya kusema ndiyo papo hapo, anaacha nakala kumi kwa makubaliano ya kulipwa zikiuzwa. Zikiuzwa, sehemu kubwa ya bei inabaki mjini, maana mtunzi, mpiga gitaa, studio na mchora jalada wote ni wa hapo. Mwandishi aliyejichapishia kitabu yuko katika hali hiyohiyo. Meneja wa tawi la kampuni kubwa anaweza kuipenda sana kazi ya msanii huyo, lakini orodha ya bidhaa imetoka Michigan na hana nafasi ya kuibadilisha. Manufaa ya aina hii yanaonekana vibaya kwenye jedwali la mwaka mmoja. Yanajitokeza baada ya miaka kumi, pale mmoja kati ya wale wa nakala kumi anapoanza kujaza kumbi.

Hoja ya kodi

Baraza la jiji lolote linapoambiwa kuhusu duka jipya, husikia neno kodi kabla ya jingine. Texas haina kodi ya mapato ya mtu binafsi, kwa hiyo miji yake huitegemea sana kodi ya mali na kodi ya mauzo. Jimbo huchukua asilimia 6.25 ya mauzo, na mamlaka za mahali huongeza hadi asilimia 2. Borders ingelipa kodi hiyo kama mwingine yeyote.

Lakini swali linalopaswa kuulizwa ni kama mauzo hayo ni mapya. Wakazi wa mji hawaanzi kusoma mara mbili zaidi kwa sababu duka la pili limefunguliwa ng'ambo ya barabara. Sehemu kubwa ya mauzo ya mgeni yangetoka kwa wateja wa wenyeji, na kodi ingehama kutoka stakabadhi moja kwenda nyingine bila hazina ya jiji kuongezeka. Ukitoa fedha za umma kulipia uhamisho huo, jiji linapata kodi ileile pungufu ya msaada lilioutoa, pungufu tena ya ile tofauti ya dola 32 katika kila dola 100 zilizohama. Sioni njia ya kuufanya mpango wa namna hiyo uonekane wa faida. Kampuni kubwa kuja kwa fedha zake ni haki yake, na mwenyeji apambane. Kuletwa kwa fedha za mwenyeji ni jambo jingine kabisa.

Nani hasa ni mwenyeji?

Mtaa huohuo wa Lamar una kisa kingine kinachosaidia kulielewa hili. Mwaka 1980 vijana kadhaa, akiwamo John Mackey, walifungua hapo duka la vyakula waliloliita Whole Foods Market. Mei 1981 mafuriko makubwa yaliikumba Austin na maji yakaingia dukani. Hasara ilikadiriwa kuwa dola 400,000, na duka halikuwa na bima. Wateja na majirani walifika kusaidia kuzoa tope na kusafisha, wakopeshaji na wauzaji wa jumla wakavumilia madeni, na baada ya siku 28 duka likafunguliwa tena. Hakuna kifungu cha mkataba kilichowalazimisha watu wale kuja na mafagio. Walikuja kwa sababu waliwajua wenye duka na walitaka libaki. Mkopo wa namna hiyo hauna riba, na hutolewa kwa mtu anayefahamika tu.

Baadaye Whole Foods ilikua ikawa kampuni ya nchi nzima, na mwaka 2017 ikanunuliwa na Amazon kwa dola bilioni 13.7. Borders nayo ina historia inayofanana: ilianza mwaka 1971 ikiwa duka moja la vitabu la ndugu wawili mjini Ann Arbor, karibu na chuo kikuu, kabla ya kununuliwa na Kmart, kampuni kubwa ya maduka ya rejareja, mwaka 1992. Kampuni zote mbili zilikuwa wenyeji wa mahali fulani.

Kwa hiyo uenyeji hauko kwenye jina la duka wala umri wake. Uko kwenye mambo matatu: nani anamiliki, nani anaamua, na fungu la matumizi linalipwa kwa nani. Haya hubadilika, na mnunuzi anayejali hulazimika kuyaangalia upya mara kwa mara. Whole Foods imebaki na makao makuu Austin hata baada ya kuuzwa, kwa hiyo sehemu ya mishahara ile ya watu wasioonekana bado inalipwa hapo, ingawa faida ina mwenyewe mwingine. Kwa miji mingine yote yenye matawi yake, ni kampuni ya mbali kama nyingine.

Pale hesabu inapolegea

Utafiti wa Austin ulifanywa wakati wa mvutano, na waliousaidia walikuwa na maslahi. Hilo pekee haliufanyi uwe wa uongo, kwa kuwa njia iliyotumika inaeleweka na inaweza kurudiwa, lakini linatutaka tusiibebe namba ya 45 kama sheria ya dunia. Ni maduka mawili, ya vitabu na muziki, katika mji mmoja, mwaka mmoja. Duka la vifaa vya umeme ambalo kila bidhaa yake inatoka nje ya nchi litakuwa na namba nyingine.

Kampuni hiyohiyo ya Civic Economics ilirudia zoezi mwaka 2004 katika mtaa wa Andersonville mjini Chicago, safari hii ikipima biashara kumi za wenyeji, zikiwamo za chakula na huduma. Ilipata dola 68 kwa wenyeji dhidi ya 43 kwa kampuni kubwa katika kila dola 100. Pengo lilipungua kutoka 32 hadi 25. Hilo halishangazi, maana mgahawa wa kampuni kubwa nao hulazimika kulipa wapishi na wahudumu wengi wa palepale. Utafiti wa Chicago uliongeza kipimo ambacho wapangaji wa miji wangepaswa kukipenda: kila futi ya mraba ya duka la mwenyeji ilileta manufaa ya dola 179, na ya kampuni kubwa dola 105. Jiji lina ardhi isiyoongezeka, na kipimo hicho kinasema ardhi hiyo inazaa kiasi gani.

Kuna pia suala la bei. Kampuni kubwa ikiuza kitabu kilekile kwa bei ya chini, mteja anabaki na salio mfukoni, na salio hilo linaweza kutumika kwa kinyozi wa mtaani. Hoja hiyo ni ya haki na haipaswi kubezwa, hasa kwa familia inayohesabu kila senti. Lakini ili punguzo lifidie pengo la dola 32, lingepaswa kuwa kubwa mno. Punguzo la asilimia 10 humwachia mteja dola 10 katika kila 100, na hata zikitumika zote mjini ni sehemu tu ya kilichopotea. Kwa familia yenye kipato kidogo ushauri wangu ni kuchagua pale ambapo bei zinakaribiana, na kumwachia mwenye uwezo zaidi abebe zaidi.

Yaliyofuata

Mwaka 2003 Borders ilijiondoa kwenye mradi wa Sixth na Lamar. BookPeople ikaendelea, na mwaka 2005 jarida la Publishers Weekly likaitangaza kuwa duka la vitabu la mwaka.

Borders yenyewe ilikuwa imeikabidhi Amazon kazi ya kuuza kwa intaneti kwa niaba yake tangu 2001, ikaja kuirejesha mwaka 2008 soko likiwa limeshahama. Februari 2011 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, na mwaka huohuo ikafunga maduka yote 399 yaliyokuwa yamesalia. Watu wapatao 10,700 walipoteza kazi. Matawi yaliyokuwa na wateja wa kutosha yalifungwa pamoja na yale mabovu, kwa sababu uamuzi ulikuwa mmoja kwa nchi nzima. Kuna miji ambayo maduka yake ya wenyeji yalikuwa yamekufa kwa kushindana na tawi la Borders, na tawi lilipoondoka ikabaki bila duka la vitabu. Siwezi kudai kwamba Austin ingefika huko, kwa kuwa BookPeople na Waterloo zilikuwa imara. Ila hatari ya kuweka mahitaji ya mji mzima mikononi mwa uamuzi unaofanywa mbali ilionekana wazi mwaka ule.

Mtaa unaotaka kutumia hoja hii leo una kazi moja ngumu kabla ya nyingine zote, nayo ni kuwashawishi wenye maduka wafungue vitabu vyao kama walivyofanya Bercu na Kunz. Wafanyabiashara wengi huogopa, na kwa haki, kwamba mshindani au mtoza kodi ataviona. Njia inayowezekana ni kumpa mhasibu mmoja anayeaminiwa na wote stakabadhi za miezi kumi na miwili, atenganishe malipo yaliyokwenda kwa watu na biashara za mjini na yaliyokwenda nje, kisha atoe jumla ya maduka yote bila kutaja la nani. Karatasi moja ya namna hiyo, ikiwekwa mezani siku baraza linapojadili kumpa mgeni msamaha wa kodi, itawalazimu wajumbe kuijibu kwa hesabu.